Bawa Juu, Bawa Chini

Tarehe 2 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nimefika salama, na kabla hujaniuliza: ndiyo, nimekula; ndiyo, blanketi ninalo; na hapana, koti sijalipoteza. Chumba changu kina vitanda viwili na dirisha moja, na kwenye dirisha hilo naziona ndege za shule zimepangwa juu ya majani, nyeupe zote. Hakuna hata moja yenye bawa juu. Shangazi, mabawa yote yako chini! Yanatokea ubavuni, usawa wa magoti ya mtu, na rubani anakaa juu yake kama aliyekalia meza.

Leo nimepanda kwa mara ya kwanza. Hapa huingii kwa kujikunja mlangoni, unapanda, unalikanyaga bawa kwa viatu. Mimi niliyechapwa kofi la mkono kwa kuliegemea bawa la ndege yako, Bi Mkubwa! Nikasimama pale mguu mmoja juu, mmoja chini, naisikia sauti yako nyuma ya sikio. Mwalimu akauliza, "Unaogopa?" Nikamwambia siogopi, naona aibu. Mwalimu huyu tunamwita Ngoja Kwanza. Ngoja kwanza, umefunga mkanda? Ngoja kwanza, nani kakwambia tumefika? Hana sentensi nyingine.

Wenzangu hawaamini kwamba nimelelewa na rubani. Nimewaambia shangazi yangu anapeleka dawa na barua kwenye viwanja vidogo vya majani, kwa ndege ya bawa juu inayoitwa Bi Mkubwa, na kwamba nikipata leseni narudi nyumbani kuirusha pamoja naye. Wakalicheka jina. Wacha wacheke, hawajui walichokosa.

Niandikie. Najua simu huitaki, unasema ni kelele bila safari. Msalimie Fundi.

Wako,
Kinda

Tarehe 13 Februari

Kinda, marahaba mwanangu.

Kwa hiyo siku hizi unakanyaga mabawa. Haya. Mimi nani hata nibishe. Fundi nimemsomea barua yako akiwa amelala chini ya injini, akacheka mpaka spana ikamwangukia kifuani. Anasema hao wanafunzi wakija huku watavua viatu.

Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Bawa juu lina wema wake. Jua likiwaka una kivuli. Mvua ikikukuta uwanjani, unasimama chini yake na mizigo yako haitoti. Mafuta yanashuka yenyewe kutoka matangi yote mawili, hujui hata yanashukaje. Na ndege inaning'inia chini ya bawa lake. Ukiiachia kidogo inatulia kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Zaidi ya hayo, unaiona ardhi. Nimejuana na watu ambao sijawahi kusalimiana nao. Yule mama anayefua kila Jumanne, nguo nyekundu lazima aianike mwisho wa kamba. Yule mzee aliyeezeka nusu ya paa, akachoka, hadi leo. Nawapita juu, nawauliza hali kimoyomoyo.

Ubaya wake ni mmoja, na huo nimekuimbia tangu miguu yako haijafika kwenye pedali. Ukilalia kona, bawa linashuka na kukufunika macho upande ule ule unaokwenda. Ndiyo maana nasema inua bawa kwanza, chungulia, ndipo ugeuke. Na ukikata kona ya mwisho kuingia uwanjani, uwanja unapotea nyuma ya bawa mpaka ndege inyooke tena. Usiutafute. Amini kwamba upo.

Jana nilitoka alfajiri. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, miti imetoa vichwa tu. Nikapita juu yake polepole, na kivuli cha Bi Mkubwa kikawa kinakimbia kwenye ukungu, kimezungukwa na duara la rangi, dogo, kama lililochorwa na mtoto. Nilikifuata kivuli hicho mpaka nikasahau nilikokuwa naenda. Kisha jua likapanda, kikafifia.

Soma. Kula. Usichelewe kulala.

Shangazi yako

Tarehe 1 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nina la kukuchekesha na la kukiri. Nianze na la kuchekesha, ili likusaidie kulimeza la pili.

Tulikuwa juu ya mashamba, mimi na Ngoja Kwanza, hewa imetulia tuli. Injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Kisha kimya, Shangazi, kimya kabisa, upepo tu unapuliza kwenye kioo. Nikakagua kila kitu nilichofundishwa isipokuwa kimoja. Ngoja Kwanza ametazama nje kana kwamba yuko kwenye basi. Akasema, "Ngoja kwanza. Tangi la kulia limejaa pomoni. Unamwekea nani?"

Mafuta ya ndege hizi yako chini, kwenye mabawa, hayawezi kushuka yenyewe. Yanavutwa na pampu, na injini inakunywa tangi moja moja. Kila baada ya muda lazima ugeuze koki kwa mkono wako, kushoto, kulia, kushoto. Mimi, mtoto wa Bi Mkubwa, mikono yangu haijui kabisa kwamba mafuta hugeuzwa. Nikageuza, nikawasha pampu, injini ikaamka na kelele zake. Mpaka chakula cha jioni kijiko kilikuwa kinagonga sahani.

Sasa la kukiri, na usinune. Nazipenda. Ukilalia kona kwenye ndege hizi, bawa linaporomoka chini yako na anga lote linafunguka. Unakuona unakokwenda tangu mwanzo wa kona mpaka mwisho. Mchana jua linakujaa mapajani. Juzi ndege weupe walipita juu ya kichwa changu, nikawatazama mpaka wakaisha. Sikuwahi kuona juu, Shangazi. Miaka yote ile nilikuwa naona chini.

Ardhi ndiyo inayopotea. Kijiji kinaingia chini ya bawa, halafu kinatokea upande wa pili baadaye, kama kilikwenda kujinyoosha kidogo. Ngoja Kwanza anatuonya: ndege ya bawa chini ikiwa juu, na ya bawa juu ikiwa chini yake, zote zinashuka uwanja mmoja, hakuna anayemwona mwenzake. Nikatufikiria mimi na wewe. Sijui kwa nini.

Wako,
Kinda

Tarehe 12 Machi

Kinda, marahaba.

Fundi anasema ukirudi atakuchorea koki kwenye kiganja. Mimi sijacheka sana. Nimekaa na barua yako magotini kwa muda. Mtoto wa watu yuko angani, injini imezima, ananiandikia habari za kijiko! Siku nyingine ukikohoa tu, geuza koki. Hata kama ni mafua, geuza.

Sijanuna. Nani kakwambia nimenuna? Nimeisoma ile sehemu ya anga mara nyingi kuliko inavyostahili.

Juzi nilipeleka dawa kule kwenye uwanja wa mlimani, nikarudi mchana. Hewa ilikuwa laini, hakuna hata mtikisiko. Jua lilikuwa utosini, likanijaa mapajani mpaka nikasikia usingizi mtamu, ule usio na madhara. Ndege weupe wakapita juu ya kichwa changu, wengi, hawana haraka, nikayatazama matumbo yao. Nilipofika nyumbani nilikata kona ya mwisho ndefu sana. Uwanja wetu ulikuwa begani kwangu muda wote, kijani, mdogo, unazunguka nami taratibu. Nikamwona Fundi amekaa kwenye ndoo yake anakunywa chai. Sikutaka kona ile iishe, mwanangu. Nilikuwa na furaha kama msichana.

Huku kila kitu ni salama. Mitihani yako ni lini?

Shangazi yako

Tarehe 25 Machi

Shangazi, shikamoo, na umenasa!

Nimeisoma barua yako kitandani, nikaketi. Nikaisoma tena, nikacheka mpaka mwenzangu wa chumbani akageukia ukutani. Shangazi, we mjanja! Jua la utosini lilikujaaje mapajani? Bi Mkubwa ana paa, na juu ya paa kuna bawa. Ndege weupe uliwaona tumbo kwa dirisha gani? Na uwanja ulikaa begani kwako kona nzima, wewe uliyenifundisha kwamba uwanja unapotea mpaka ndege inyooke! Mtu wa bawa juu hawezi kuviona hivyo. Hata angeshusha kioo akatoa kichwa, asingeviona.

Kwa hiyo sema ukweli. Umepata ndege ya bawa chini. Umenificha kwa sababu umenisema sana, sasa unaona haya. Bi Mkubwa umempeleka wapi? Fundi anasemaje?

Hujui umenitua mzigo gani. Mtihani nimefaulu, leseni ninayo mkononi, ilitoka wiki iliyopita. Na kuna kampuni ya huku, ndege zao zote ni bawa chini, wanabeba abiria wawili watatu na vifurushi. Wamenitaka kazi. Nimekaa na habari hii kifuani, naandika barua nachana. Nilijua umeniwekea kiti cha kushoto cha Bi Mkubwa, kwamba unanisubiri. Ningekwambiaje kwamba nataka kubaki? Sasa kama na wewe umehama, basi nami nasema: nataka kubaki, Shangazi. Naitaka kazi hii mpaka usingizi hauji.

Niambie ni ndege gani. Ina rangi gani?

Wako,
Kinda

Tarehe 6 Aprili

Kinda,

Hongera. Nianze na hilo, kwa sababu yanayofuata yatalifunika. Hongera, hongera, hongera. Fundi amepiga kengele ya baiskeli yake mpaka majirani wakatoka.

Hakuna ndege nyingine. Sijarusha ndege yoyote tangu ulipoondoka. Wiki ile uliyokuwa unafunga sanduku nilikwenda kupimwa kama kila mwaka, na daktari akakisikiliza kifua changu kwa muda mrefu kuliko desturi. Akasema moyo wangu unaruka. Nikamwambia basi vizuri, angalau mmoja wetu ataendelea kuruka. Hakucheka. Cheti hakunipa, na hatanipa tena. Sifi kesho, kwa hiyo usianze. Nameza vidonge, natembea, nagombana na Fundi. Ila kushika ndege peke yangu, basi.

Ningekwambia ungeshusha sanduku kutoka kwenye gari. Nakujua.

Bi Mkubwa yuko bandani. Kila asubuhi Fundi ananifungulia, naingia, nafunga mkanda, naweka mikono kwenye usukani. Mbele yangu kuna ukuta wa bati. Nafumba macho. Mwanzoni nilirusha safari zangu za zamani, nazijua zote, ukungu ule niliokuandikia ni wa miaka mingi iliyopita. Kisha barua zako zikaanza kuja. Nikawa nafumba macho, na kabla sijafika bondeni bawa linashuka lenyewe, anga linafunguka, jua linaingia. Nilikuwa nimeketi ndani ya Bi Mkubwa, lakini niliyokuwa nairusha ni ndege yako. Nilipokuandikia sikujua hata kwamba nimechanganya. Kwangu mimi niliwaona wale ndege.

Nimeona aibu sana. Nisamehe.

Shangazi yako

Tarehe 14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo sijui kama inanitoka. Nimekasirika. Mficha maradhi kilio humuumbua, hilo ulinifundisha wewe, na hukuniambia kwamba wewe mwenyewe umesamehewa. Mimi huku nachekacheka na vijiko, wewe umeketi ndani ya banda umefumba macho! Na Fundi naye anafungua mlango, anafunga mlango, mdomo kimya. Mwambie sisemi naye.

Kampuni nimewaandikia kwamba sitaki kazi yao. Barua iko mezani, naipeleka kesho. Nakuja nyumbani. Nitarusha Bi Mkubwa, nitapeleka hizo dawa, wewe utakaa kiti cha kulia na kunigombeza. Hivyo ndivyo tulivyopanga. Ulinilea peke yako, ukanipa kila kitu, halafu mimi nikae huku naota jua? Siwezi.

Kinda

Tarehe 24 Aprili

Kinda,

Kama barua ile hujaipeleka, ichane. Kama umeipeleka, vaa viatu ukaifuate.

Huna Bi Mkubwa wa kurusha. Ndege ikikaa inaoza, nami sikutaka aoze mbele ya macho yangu. Nimempa rubani wa uwanja wa jirani, mama mmoja mwangalifu, hana maneno mengi. Dawa zinafika kama kawaida. Walipomtoa bandani Jumatatu nilijifanya natafuta miwani. Siku ya pili nikakuta Fundi ameweka kiti cha mbao mahali pale pale kilipokuwa kiti changu. Nikamtukana. Kisha nikakaa.

Ukija utakuta hicho kiti, na mimi. Utanipikia uji, utanihesabia vidonge, jioni tutatazamana. Mwanangu, mimi sihitaji kuuguzwa, nahitaji kusafiri. Na safari zangu zimebaki hizo unazoniletea wewe. Ukiacha kazi utakuwa umenishusha mara ya pili, na safari hii hatakuwa daktari, utakuwa wewe.

Umesema unaitaka mpaka usingizi hauji. Nilipoisoma sentensi hiyo nililia, na haikuwa huzuni. Nimekulea ili uitake hivyo. Sasa nenda kaichukue, na uniandikie kila kona.

Fundi anaomba useme naye. Amekonda.

Shangazi yako

Tarehe 8 Juni

Shangazi wangu, shikamoo.

Nimeona umepokea barua zangu zote za Mei, hata ile ya mvua ya mawe uliyoniandikia nirefushe. Nimerefusha, imo kwenye bahasha hii.

Hii ni nyingine. Kazini wamenipa ndege niipeleke kwenye tawi lao la mbali. Nimetandika ramani kitandani, na njia inapita kwenu. Haipiti karibu na kwenu, Shangazi, inapita juu ya paa lako. Nilimwomba mkubwa wangu ruhusa ya kutua uwanja wa majani. Akauliza kuna nini huko. Nikamwambia kuna mtu aliyenifundisha kuruka. Akasaini.

Daktari wako nimempigia simu. Anasema kama abiria hana neno, ila mara hii moja tu, twende chini chini na tusikae sana. Jumamosi ya tarehe 22, asubuhi. Kiti cha kulia kina usukani wake.

Kinda

Tarehe 15 Juni

Kinda, marahaba.

Sikiliza vizuri. Huu si uwanja wa lami. Mabawa yako yako chini na propela yako iko karibu na majani, kwa hiyo nisikilize mimi, usimsikilize Ngoja Kwanza. Fundi amefyeka kutoka mwisho mpaka mwisho. Vichaka vya upande wa kushoto, ambavyo bawa la Bi Mkubwa lilikuwa linavipita juu bila habari, amevikata vyote, maana lako lingevikumba. Kile kisiki karibu na banda tumekichimba, siku mbili, majirani wamesaidia. Upepo asubuhi unatoka upande wa mto. Njoo polepole.

Nguo ya kuvaa sina. Si kwamba naomba, nasema tu.

Shangazi yako

Tarehe 23 Juni, Jumapili

Kinda, mwanangu.

Jana uliondoka kwa haraka sababu ya mawingu, na mimi sikusema kitu. Najua umeondoka unawaza kwamba nilichukia, au niliogopa. Niliona unanitazama kwa pembe ya jicho tuliposhuka. Kwa hiyo nakuandikia leo leo, Fundi atapeleka posta kesho.

Uliponiachia usukani juu ya mto, nilishika kwa vidole tu. Nikagusa, ikaitika hapo hapo, haikungoja kufikiri. Nikailaza kona, na ilikuwa kama ulivyoandika, ila kubwa zaidi. Nilimwona yule mzee wa nusu paa, akaingia chini ya bawa, nikamwambia kwaheri, akatokea upande wa pili. Moyo wangu ulipiga sawasawa safari nzima. Mwambie daktari, mimi hataniamini.

Lakini kuna jambo katika barua zako zote hukuniandikia. Hukuniambia kwamba ndege hizi hazitaki kutua. Bi Mkubwa ukimwambia tua, alikuwa anatua, anaachia uzito na biashara imekwisha. Hii yako, bawa lilipokaribia ardhi likabana hewa chini yake na kuilalia. Ukaivuta, ikaelea. Ukangoja, ikaelea. Banda letu likapita dirishani, Fundi akapita na ndoo yake, bado tuko hewani, majani yako chini yetu kiasi cha kuyachuma. Wewe unanong'ona, "Samahani Shangazi, nimekuja na kasi, samahani, inakataa." Mimi nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Sikuwa naogopa. Nilikuwa najua kwamba magurudumu yakigusa tu, mimi nimemaliza, siruki tena katika maisha yangu. Na ndege yako, bila kuambiwa na mtu, ikanibakizia kidogo. Nikawa naiambia kimoyomoyo: bado. Bado. Bado kidogo.

Ulitua vizuri, mwanangu. Nenda kazini.

Shangazi yako